Ngomeni na Mji wa Kale, Mombasa, kwa asubuhi moja: tuanzie wapi?

Mgeni wa Nyali: Salaam. Ijumaa tutakuwa watu wanne, mmoja ni mama mwenye magoti mabovu. Tumeambiwa Ngome ya Yesu ni ya mtindo wa baroko. Tutazame nini, na tupite njia gani?

Wa Kibokoni: Fikeni mapema, kuanzia saa nne huko juu ya kuta jua halina huruma. Kila mtu abebe kitambulisho, maana bei ya raia si ya mgeni. Malipo hupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, basi wekeni pesa kwenye simu, msitegemee noti.

Baroko? Hapana. Ngome ilianza kujengwa 1593 kwa mchoro wa Cairati, Mtaliano wa Milano, na ni kazi ya Renesansi, mtindo wa Ulaya uliotangulia baroko yenye mapambo mengi. Mapambo msiyatafute, tazameni pembe. Buruji, yaani ngome ndogo za pembeni, zimechomoza ili mizinga ya buruji moja ifagie ukuta wa jirani, adui asipate pa kujibanza. Pandeni buruji ya São Filipe mtaelewa. Nyumba ya Waomani iko hapo hapo. Mama abaki chini kwenye makumbusho, aone vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama 1697 ngome ikiwa imezingirwa.

Fundi Chokaa: Mkitoka, shikeni barabara ya Mbarak Hinawy, mpite Msikiti wa Mandhry, hadi bandari ya kale. Rudini kwa Ndia Kuu. Vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hazina urefu wa kuvuka chumba kipana.

Mkiona plasta imebambuka vipande vipande, mara nyingi ni saruji. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunywa unyevu na chumvi. Chokaa huuacha upumue. Saruji huuziba, chumvi ikaganda nyuma yake na kuisukuma nje. Wenye nyumba huongeza saruji nyingine juu, nayo hubambuka vile vile.

Mgeni wa Nyali: Shukran. Na Ijumaa haina shida?

Wa Kibokoni: Malizeni misikitini kabla ya saa sita, baada ya hapo vichochoro hujaa waendao kuswali. Funikeni mabega na magoti, leso moja yatosha. Bandarini ulizeni kwanza kabla ya kupiga picha, na watu pia. Njaa ikiuma, viazi karai na ukwaju.