Vihisi vya joto bandani: Wi-Fi, Bluetooth au Zigbee?

Mfugaji_Kibaha: Habari za wakati huu, wanajukwaa. Ninakusudia kununua vihisi vya joto na unyevunyevu kwa ajili ya mabanda ya vifaranga, na muuzaji amenionyesha aina tatu: vya Wi-Fi, vya Bluetooth na vya Zigbee. Bei hazipishani sana. Ninachotaka ni simu inijulishe joto linaposhuka usiku. Nichukue vipi?

Fundi_Masafa: Ndugu, hujasema mabanda ni mangapi, yako umbali gani kutoka nyumbani, wala yamejengwa kwa nini. Aina zote tatu hutumia masafa ya gigahetsi 2.4, ila kila moja huyatumia kwa namna yake. Wi-Fi imetengenezwa kubeba data nyingi, kwa hiyo hula betri upesi. Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa vidogo uliojengwa juu ya kiwango cha kiufundi cha IEEE 802.15.4, haivuki kilobiti 250 kwa sekunde, lakini kipimo cha joto ni baiti chache tu: kihisi huamka, hutuma, kisha hulala tena.

Binti_Mkuranga: Mimi natetea Bluetooth, hasa ile ya matumizi madogo ya umeme iliyokuja na toleo la 4.0 mwaka 2010. Kihisi hutangaza kipimo chake kwenye chaneli tatu, yaani 37, 38 na 39, ambazo zimepangwa kukwepa chaneli 1, 6 na 11 zinazopendwa na Wi-Fi, na simu yoyote iliyo karibu huyasikia matangazo hayo bila kuhitaji kitovu, yaani kifaa cha kati kinachokusanya vipimo vya vihisi.

Fundi_Masafa: Simu iliyo karibu, dada. Mwenzetu anataka kuamshwa akiwa kitandani.

Mzee_wa_Nyaya: Niwieni radhi kwa urefu, lakini haya muuzaji hatayasema. Duka moja liliniuzia vihisi vya Zigbee vya betri peke yake, nikaelezwa kwamba vitapokezana ujumbe vyenyewe hadi kwenye kitovu kilichoko sebuleni. Si kweli. Katika Zigbee, kazi ya kupokezana hufanywa na vifaa vinavyokaa kwenye umeme muda wote, kama soketi na balbu. Kifaa cha betri hulala, hakiwezi kumsikilizia jirani. Banda la mbali halikuonekana kabisa. Nikaongeza soketi ya Zigbee katika banda la kati na mambo yakatengemaa, mpaka kijana wa bandani alipoichomoa ili kuchaji simu yake, na mabanda mawili yakatoweka kwa mkupuo. Hata hilo ni dogo. Umeme unapokatika, soketi huzimika na mnyororo hukatika, ingawa betri za vihisi ni mpya, na saa hiyohiyo ndipo taa za joto nazo zinapozimika. Yaani kengele inanyamaza wakati vifaranga wanapoihitaji.

Mfugaji_Kibaha: Ahsante, mzee. Mabanda ni matatu, la mwisho liko kama mita 60 kutoka nyumbani. Paa ni la mabati, kuta ni za tofali hadi kiunoni, juu ni wavu wa kuku. Taa za joto ni za umeme, mkaa ni wa akiba.

Fundi_Masafa: Wavu nao usiudharau. Wimbi la gigahetsi 2.4 lina urefu wa takriban sentimita 12, na matundu ya wavu wa kuku ni madogo kuliko hapo mara kadhaa, kwa hiyo sehemu kubwa ya mawimbi huzuiwa ijapokuwa upepo unapita. Jaribu kwanza mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu vipimo vya mlango wazi hudanganya.

Pwani_Kidijitali: Mbona hakuna aliyetaja Z-Wave, aina nyingine ya mtandao wa vihisi visivyo na waya? Hutumia masafa ya chini ya gigahetsi 1, ambayo hupenya kuta vizuri zaidi.

Fundi_Masafa: Vifaa vya Ulaya viko megahetsi 868.42 na vya Marekani 908.42, na havisikilizani. Anayeagiza aulize kwanza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni masafa gani yanaruhusiwa hapa.

Binti_Mkuranga: Tusimtoe mwenzetu kwenye aina tatu alizoulizia.

Mfugaji_Kibaha: Lililonigusa ni la umeme kukatika. Nina betri ya sola ya taa za nje. Kuna kifaa cha kupokezana kisichohitaji umeme wa ukutani?

Mzee_wa_Nyaya: Vipo vya kuchomekwa kwenye USB, volti 5, vinavyokaa vizuri kwenye chaja ya sola. Lakini kitovu na ruta ya intaneti navyo viwe kwenye betri hiyo, vinginevyo ujumbe utafika nyumbani na kuishia hapo.

Fundi_Masafa: Na ruta hiyo iko chaneli gani? Ikiwa 11, kitovu cha Zigbee kiweke 15 ili visiingiliane, na usiviweke vyote viwili kwenye rafu moja.

Mfugaji_Kibaha: Nitaiangalia jioni. Betri ni ya ampea-saa 40. Je, itafika alfajiri?