Kupanda miti tarehe 5 Juni hapa Lubumbashi ni kuiua. Chuo kikuu chenye kitivo cha agronomia (sayansi ya kilimo) hakijui hilo?

Wandugu, jambo. Uzi huu naufungua kwa hasira na sina haja ya kuificha.

Chuo kikuu kimoja cha hapa Lubumbashi, ambacho sitakitaja, kimeadhimisha tena Siku ya Mazingira Duniani kwa kupanda miti. Tarehe 5 Juni. Fulana za kijani, hotuba kuhusu mabadiliko ya tabianchi, wapiga picha, vishimo vya kina cha kiganja, na miche 500 ikashushwa humo mizizi ikiwa bado imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Halafu kila mtu akaenda zake. Chuo hicho hicho kinafundisha agronomia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiandika kwenye mtihani kwamba Katanga tunapanda miti mwezi wa sita, atapewa sifuri, tena ya haki.

Mvua yetu hukatika Aprili. Hurudi kwa kusitasita mwishoni mwa Oktoba na kushika Novemba. Katikati hapo, Juni na Julai usiku ni baridi, Agosti ni upepo na vumbi, Septemba na Oktoba ndilo joto kali la mwaka mzima. Wakati huo majani marefu yamekauka na moto wa pori unapita. Mche ambao kiu haikuumaliza, moto unaumaliza.

"Tutamwagilia," ndilo jibu lao. Haya, tuhesabu. Mche mchanga kwenye udongo huu mwekundu, kiangazi, unataka kama lita 10 mara mbili kwa wiki. Miche 500 ni lita 10,000 kwa wiki, yaani bidoni 500 za lita 20. Kutoka 5 Juni mpaka mvua ishike ni wiki 22 hivi: lita 220,000. Katika mji ambao wanafunzi wenyewe wanazunguka na bidoni kutafuta maji ya kuoga, nani atazibeba? Bajeti ya sherehe ilikuwa na fulana. Pampu, tangi na mshahara wa mtu wa kumwagilia havikuwamo.

Na tarehe yenyewe! 5 Juni ni siku ulipofunguliwa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira mjini Stockholm mwaka 1972. Haikuchaguliwa kwa kutazama mawingu ya Katanga. Kongo ina siku yake ya taifa ya mti, 5 Desemba, nayo inaangukia katikati ya mvua zetu, ardhi imelowa mpaka chini. Tarehe nzuri tunayo, na chuo kinaipita kimya kwa sababu siku hiyo hakuna wageni.

Namna ya kupanda inajulikana na haina siri. Mbegu zinaingia kitaluni Julai na Agosti. Mbegu ngumu kama za miti ya lusina na akasia zinamwagiwa maji yaliyochemka na kuepuliwa, zinalala humo usiku mmoja, ndipo zipandwe. Mukula, ule mti wa mbao nyekundu, mbegu yake itolewe kwanza ndani ya ganda lenye bawa, la sivyo utasubiri mpaka uchoke. Masuku, lile tunda la porini, ni kesi nyingine: mbegu yake haikubali kulala ghalani, inapoteza uhai ndani ya wiki chache, kwa hiyo inapandwa mara tu tunda linapoiva, mvua zinapoanza. Mchanganyiko wa udongo ni sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya mchanga, moja ya samadi iliyooza kabisa. Kwa miti ya miombo, lazima sehemu ya udongo huo wa juu itoke chini ya miombo mikubwa, kwa kuwa Brachystegia na Julbernardia, ambazo ndizo miti mikuu ya miombo, pamoja na masuku, haziishi vizuri bila kuvu wanaoshikana na mizizi yake. (Uyoga mwingi unaouzwa kando ya barabara Desemba na Januari ni tunda la kuvu hao hao, ukiacha ule mkubwa wa kwenye vichuguu. Msitu ukiondoka, uyoga nao unaondoka.) Kitalu kinachojaza mifuko kwa mchanga wa ujenzi kinatoa miche ya manjano, halafu wanalaumu mbegu.

Mwanzoni mwa Novemba unapunguza maji na kuondoa kivuli kidogo kidogo, mche ukomae. Mashimo ya sentimita 40 kwa 40 kwa 40 yanachimbwa mvua za kwanza zikilainisha ardhi. Udongo wa juu unawekwa upande wake na ndio unaorudi chini, kwenye mizizi. Kupanda ni kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari, si zaidi. Mfuko unapasuliwa na kuondolewa wote, na sentimita mbili za chini zinakatwa pamoja na mizizi iliyojizungusha. Mzizi uliojizungusha haunyooki tena. Mti unakua miaka mitatu unapendeza, wa nne upepo unaulaza, ukiutazama chini unakuta fundo kama kamba. Kupalilia duara la mita moja ni Februari, na tena Aprili. Nafasi za miche iliyokufa zinajazwa Januari hiyo hiyo.

Lakini kinachonichoma zaidi ya miche 500 ni hiki: chuo kina hekta za miombo iliyokatwa ambazo hazihitaji kupandwa hata kidogo. Miombo huchipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi. Ukikata Brachystegia, kisiki kinatoa machipukizi mengi. Ukiacha mawili au matatu yenye nguvu na kupunguza mengine baada ya mwaka mmoja au miwili, yanapita kwa mbali mche wowote wa kitalu, maana mizizi ya mti mzima iko chini inalisha. Yanachotaka ni vitu viwili: shoka lisirudi mapema, na moto wa mwisho wa kiangazi usifike.

Kuhusu moto hatubahatishi. Hapo Ndola tu, upande wa Zambia, kulikuwa na viwanja vya majaribio vilivyoanzishwa miaka ya 1930. Kiwanja kilichochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi kiligeuka kuwa majani matupu. Kilichochomwa mapema, majani yakiwa bado na ubichi, kilibaki na miti. Kilicholindwa kabisa kilifunga kikawa msitu mzito. Baprofesa wetu wanayafundisha haya. Kisha Septemba moto unapita kwenye ardhi ya chuo na hakuna aliyefyeka hata mstari mmoja wa kuuzuia.

Sasa jikoni. Makala, yaani mkaa. Tanuri la udongo la kawaida linakupa kilo 10 mpaka 20 za makala kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Tuseme jiko la wanafunzi linachoma kilo 40 za makala kwa siku, na tanuri ni la asilimia 15. Hizo ni kilo 267 za kuni kila siku. Kwa siku 200 za masomo ni tani 53. Miombo inayochipua huongeza kama tani 2 kwa hekta kwa mwaka. Kwa hiyo jiko moja tu linataka hekta 27 hivi zifanye kazi kwa ajili yake peke yake, mwaka hadi mwaka. Miche 500, hata ingepona yote, kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 haifiki nusu hekta. Mtu anawezaje kusimama kwenye jukwaa kuhutubia tabianchi, magunia yakishushwa nyuma ya jengo lile lile, bila hata daftari la kuyahesabu?

Hatua ya kwanza ni daftari hilo: magunia mangapi, kilo ngapi, yametoka barabara gani. Baadaye majiko makubwa yaliyojengewa kwa matofali, yenye bomba la moshi na sufuria iliyozama ndani, yanayotumia kuni kavu moja kwa moja, maana ukigeuza kuni kuwa makala sehemu kubwa ya nguvu yake umeshaipoteza kwenye tanuri. Maharagwe yalowekwe usiku. Mwanafunzi anayepika chumbani naye apate mbabula (jiko dogo la makala) yenye ukuta wa udongo wa kufinyanga badala ya bati tupu. Ikitumiwa vizuri inapunguza makala kwa karibu theluthi.

Takataka nitazipita haraka. Majani ya jacaranda yanayochomwa kila asubuhi uani ni mboji inayopotea: sehemu tatu za majani makavu, moja ya mabichi au mabaki ya jikoni, lundo la upana wa mita moja na nusu, maji kiasi, kugeuza kila wiki mbili au tatu. Miezi mitatu minne imeiva, na kitalu kina mbolea bure.

Jambo la mwisho, nalo ni la mji huu. Upepo wetu mwingi unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba ulimwaga sumu yake kwa miongo mingi kaskazini-magharibi ya lile bomba refu la moshi, kuelekea eneo la Penga Penga. Kwenye udongo ule, mzizi ukigusa shaba unasimama kukua. Mti hauwezi kupandwa pale bila shimo kubwa lililojazwa udongo safi, mboji na chokaa. Watu wanalima lengalenga (mchicha) huko na kuzila. Chuo chenye maabara kingefungua mlango siku moja kwa wiki, mkulima alete kilo moja ya udongo, apimiwe tindikali na shaba, aelezwe apande nini na wapi asipande. Huo ungekuwa mchango. Fulana hazipimi shaba.

JIBU LA 1
Ndugu mwanzisha uzi, kwa mvua na mashimo uko sawa kabisa. Ila usisahau wafadhili. Pesa zao zinakuja kwa ajili ya 5 Juni, wanataka tukio siku hiyo hiyo. Komiti ya chuo ikikataa, pesa zinaenda kwingine. Ufanye nini?

JIBU LA 2
Naongeza kuhusu tanuri. Tatizo kubwa ni kuni mbichi na nyufa. Mchoma makala ana haraka, anafukia magogo ya jana. Sehemu kubwa ya moto inaishia kukausha maji. Kuni zikikaa wiki nne mpaka sita, unene ukilingana, na ufa ukizibwa mara unapoonekana, tanuri lile lile linatoa magunia zaidi kwa miti ile ile. Wanafunzi wa agronomia wangepelekwa TP (masomo ya vitendo) kwenye matanuri, wakae na wachomaji mpaka makala yatoke. Kuwafukuza tu hakujawahi kuokoa mti.

MWANZISHA UZI
Jibu la 2, aksanti sana, hilo liingie kwenye programu ya masomo.

Jibu la 1, swali lako ni la haki. 5 Juni kazi ipo, tena ndiyo saa yake. Majani yameanza kukauka lakini bado yana ubichi. Mfadhili apewe jembe na reki. Wafyeke mistari miwili, kila mmoja mita mbili, iachane mita sita, wakwangue mpaka udongo uonekane, kuzunguka hekta zinazochipua. Ukanda wa katikati unachomwa jioni, upepo umetulia, watu kumi wakiwa na matawi mabichi na bidoni za maji, wakianzia upande ambao upepo unaelekea ili moto urudi nyuma polepole. Wapige picha hapo, sina neno. Na kwenye mkataba wa pesa uandikwe mstari mmoja: malipo ya pili yatatoka baada ya kuhesabu miche iliyo hai tarehe 30 Novemba ya mwaka unaofuata, mche kwa mche, na orodha ibandikwe mlangoni pa ofisi ya rekta, mkuu wa chuo.