Nauza vitu kabla ya kuhama Njiro, nianzeje?

Mhamaji: Wakuu, nahama mwisho wa mwezi. Nina friji, makochi, kitanda cha 5 kwa 6, mtungi wa gesi na vyombo. Nataka kuuzia uani siku moja.

Fundi_Sakina: Chagua Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, Jumapili asubuhi watu wako kanisani. Picha ziweke kwenye magrupu ya mtaa siku 3 kabla, na bei uandike. Ukisema "njoo inbox" watakuja madalali tu.

Friji usiizime. Mnunuzi anataka kushika barafu na kusikia kompresa ikiwaka na kukata. Isafirishwe imesimama. Ikilazwa, oili ya kompresa inaingia kwenye mabomba, na akiiwasha papo hapo anaweza kuiua. Aiache isimame saa kadhaa kwanza, vinginevyo kesho atarudi kukudai.

MamaVyombo: Sahani na vikombe usipoteze muda kubandika bei kimoja kimoja. Beseni moja "kila kitu 1,000", jingine 3,000. Chenji iwe tayari tangu saa 1 asubuhi. Makochi yaweke barazani, manyunyu ya Arusha hayana adabu.

Kijenge_Juu: Akilipa kwa simu usiamini meseji anayokuonyesha, angalia salio lako mwenyewe. Kitanda kikifunguliwa, nati zote kwenye mfuko, ufunge kwa selotepu kwenye ubao wa kichwani. Na milango ya ndani piga kufuli.

Mhamaji: Na mtungi?

Fundi_Sakina: Uza pamoja na jiko, regyuleta na mpira. Paka povu la sabuni kwenye maungio mbele yake. Likitoa mapovu, gesi inavuja.