MREJESHO: Gari lililokuwa linalala mbele kushoto usiku

Wakuu habari, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu gari langu la shokapu za upepo (zinazobeba gari kwa mifuko ya mpira yenye hewa), jioni nalipaki liko sawa asubuhi nalikuta limelala mbele kushoto, halafu kompresa (pampu ya kujaza hewa kwenye shokapu) inaunguruma weee ndo linyanyuke. Asanteni sana mlionizuia nisikimbilie kununua kompresa.

Nilianza na rilei (swichi ya umeme inayowasha kompresa) kama mkuu mmoja alivyoshauri, kwangu haikusaidia. Ndo nikafanya ile ya maji ya sabuni ya kutafuta panapovuja, nikapulizia mfuko wa hewa wa shokapu gari likiwa limenyanyuka, mwanzoni kimya, ila kwenye mkunjo wa chini wa mpira vikaanza kutoka vipovu vidogo vidogo, nikafuta nikarudia, vikatoka palepale. Kuangalia vizuri na tochi mpira una nyufa nyembamba kama nywele. Fundi kafunga shokapu mpya, akaset upya urefu wa gari kutoka chini kwa kompyuta, na upande ule haulali tena, leo wiki ya pili.

Ila kompresa yenyewe ishachoka kwa kufanya kazi mfululizo, bado inanyanyua taratibu mno, nayo itabidi nibadilishe, ningewahi kuziba uvujaji labda ingepona. Mbarikiwe sana.