Springi ya gari la umeme imekatika likiwa limepaki

Mama Zawadi, Cheyo, Tabora
Wakuu habari za jioni. Nisaidieni kabla sijagombana na watu.

Gari langu la umeme lina miezi mitano tangu liletwe jipya, kilomita 4,100. Mizunguko yangu ni nyumbani, dukani, Jumapili kanisani Ipuli. Mbali kabisa nimefika Nzega mara moja, lami tupu. Jumanne nimelipaki chini ya mwembe, zima. Saa tano usiku tukasikia "ta!" Mwanangu akasema embe limeangukia boneti, tukalala. Asubuhi gari limeinama kushoto mbele kama mzee mwenye goti bovu, na mchangani kuna kipande cha chuma urefu wa kiganja, kimejikunja.

Walioniuzia wamenijibu kwa kifupi: "Mama, hizo ni barabara zenu." Shimo gani sasa? Rimu nzima, tairi halina hata mkwaruzo!

Kiloleni77
Mama, muulize vizuri huyo mwanao usiku anakwenda wapi 😂

Fundi wa Isevya
Pole mama. Hicho kipande usikitupe, wala usikifute na mafuta ya taa. Kitoe juani, utazame pale kilipokatikia. Pakiwa pamoja pote, panang'aa, imekatika kwa mkupuo. Ukiona sehemu ina kutu na sehemu inang'aa, jua ufa ulikuwepo siku nyingi, siku hiyo umemalizikia tu.

Springi nyingi hukatikia mzunguko wa chini, pale inapokalia kikombe chake. Mchanga unaingia, rangi inasagika, kutu inaanza. Na gari la umeme ni zito, betri ya gari dogo tu inaweza kukaribia kilo 300. Springi imebeba mzigo hata nyie mkiwa mmelala, ndiyo maana inaweza kukatika limepaki.

Usiliendeshe hata hadi sokoni. Ncha iliyobaki ikihama inachana tairi.

Mzee wa Karia
Lilikujaje toka Dar? Kama lilipanda karia, lile lori la kubebea magari, chungulia amu ya chini, kile chuma kinachoshika gurudumu kwa chini, kama ina alama ya mnyororo. Kuna vijana wanafunga popote mkono unapofika.

Mama Zawadi, Cheyo, Tabora
Kiloleni77, mwanangu ana miaka 13 na ufunguo nalala nao chini ya mto.

Mzee, amu haina alama, nimelala chini na tochi mpaka kanga imejaa vumbi. Fundi, umesema kweli. Robo ya mkato ni kahawia kama majani ya chai, iliyobaki inameremeta. Kutu ile haikuanza Jumanne! Nimepiga picha na sarafu ya 200 pembeni, nimewatumia. Tiki mbili za bluu, kimya. Alhamisi upo gereji nikuletee?

Fundi wa Isevya
Nipo, ila kazi hiyo usinipe kwanza. Nikigusa nati moja tu watasema fundi wa mtaani ndiye kaharibu, waranti imekwenda. Waandikie barua, watume mtu alione hapo hapo lilipo. Wakitaka kulichukua, libebwe juu ya gari, lisikokotwe magurudumu yakizunguka. Na wakikubali, dai springi zote mbili za mbele. Ya kulia imetoka huko huko.