Naomba ushauri: kaka ameuza kipande cha kihamba (shamba la ukoo) cha marehemu baba

Habari zenu wakuu. Baba alifariki 2019, akaacha kihamba cha ekari moja na nusu huku Kilimanjaro. Tuko wanne. Kaka mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi, aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo. Amepima kwa kamba na kuuza upande wa barabarani bila kutushirikisha. Mnunuzi ameshamwaga mawe ya msingi. Njia ya kwenda kwa mama imezibwa, na hilo linaniuma kuliko pesa. Baraza la kata lilituita mara mbili, kaka hakutokea. Siku 30 za usuluhishi zimepita.

Je, nirudi Mahakama ya Mwanzo kumpinga kaka, au niende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya nimshtaki pamoja na mnunuzi? Na zuio la ujenzi naliombea wapi?