Mashindano ya planeri yameendeshwa bila upepo: Prezida, rudisha dola zangu 10

Wakuu, salamu. Nipo Bukavu, naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo msinihesabie makosa ya tahajia. Nimekuja kulia hapa kwa sababu kundi letu la WhatsApp nimetolewa jana usiku, dakika tatu baada ya kutuma video ya moshi. Huo moshi nitaueleza, tulieni.

Kwanza kwa wasioujua mchezo wetu. Planeri ni ndege isiyo na injini. Za kwetu ni za rimoti, mabawa kuanzia mita moja mpaka mbili, unairusha kwa mkono ukiwa juu ya kilima. Upepo ukija ukakutana na mteremko hauna pa kupita ila juu, na ndege inakaa humo humo kwenye hewa inayopanda. Planeri muda wote inashuka, hilo halibadiliki. Ila kama hewa inapanda haraka kuliko ndege inavyoshuka, utaruka mpaka betri ya risiva (kile kipokezi cha rimoti ndani ya ndege) iishe. Upepo ukikata, chukua panga uende kuitafuta kwenye maharage ya watu. Na hapana, si droni. Haina kamera, haina propela, haibebi kitu. Siku hizi huku chochote kinachoruka kinawatia watu hofu, na wana sababu zao, ndiyo maana kabla ya kurusha tunapita kwa mkuu wa kijiji, tunawaacha watoto waishike, na ndege zote tunazipaka rangi ya chungwa.

Mashindano tunafuata mtindo wa F3F wa FAI, shirikisho la kimataifa la michezo ya anga. Fito mbili, A na B, mita 100 kati yake. Ndege inapita moja moja, inaenda na kurudi mpaka itimize mara 10, yaani kilomita moja, saa inahesabu. Pua ikivuka mstari wa fito, msimamizi anapiga kipenga, ndipo unageuka. Ukigeuka kabla ya kipenga, unarudi kuvuka upya. Wenzetu wa Ulaya wenye ndege za kaboni wakipata upepo wa maana wanamaliza chini ya sekunde 40. Sisi tukipata dakika moja tunapigiana makofi.

Na kanuni ya upepo iko wazi: usiwe chini ya mita 3 kwa sekunde, usizidi 25, na usikengeuke zaidi ya digrii 45 kutoka kwenye mstari unaotazamana na mteremko. Sikuitunga mimi. Karatasi yenye maneno hayo Prezida mwenyewe, yaani kiongozi wa kundi letu, ndiye aliyeichapisha na kutugawia, tena alitutoza franka za fotokopi.

Sasa sikilizeni. Kilima chetu kiko upande wa Kabare, kinatazama ziwa. Kila mtu aliyezaliwa kando ya Kivu anajua kwamba usiku upepo unateremka kutoka milimani kwenda ziwani, na mchana, jua likishachoma nchi kavu, unageuka, unatoka ziwani kupanda kwetu. Wavuvi wa sambaza wanalijua. Mama anayeanika nguo analijua. Pale kilimani upepo wa ziwa unaanza kueleweka saa tano, saa sita unakuwa mtamu. Miaka yote tumeshindana kuanzia saa tano.

Mara hii Prezida akatangaza saa mbili asubuhi. Saa mbili ya Kiswahili, si ya Kifaransa. Kisa? Saa saba ana sherehe ya mahari ya ukoo wake, na yeye ndiye msemaji. Hongera kwao, Mungu awabariki, lakini sisi wengine kumi tunaingiaje kwenye mahari hayo?

Nikamwandikia kwa heshima: yaya (huku ni kaka mkubwa), saa mbili ziwa bado limelala, ahirisha mpaka Jumapili nyingine. Akajibu kwa alama ya dole gumba. Nikadhani amekubali.

Hapa lazima niwaambie nilichopeleka kilimani, ili mjue kilichonivunjika. Ndege yangu nimeijenga miezi mitatu. Mabawa mita mbili kamili, frigoliti ile nyeupe inayokuja na makatoni ya friji, ila niliichagua ile ya punje ndogo, si ile inayomeguka ukiitazama. Nimeikata kwa waya wa moto: waya wa reshô (jiko la umeme) la zamani niliounyoosha, nikaufunga kwenye upinde wa mti, nikaunganisha na betri ya pikipiki. Kuna vibao viwili vya umbo la bawa, kimoja kila upande, vimeandikwa namba 1 mpaka 10 ukingoni. Mimi nashika upande mmoja, mpwa wangu mwingine, tunavuta polepole huku tunaitana namba, moja, mbili, tatu, ili waya usitangulie upande wowote. Akipiga chafya namba ya sita, bawa limekwenda. Alipiga chafya mara mbili. Ndani nikaweka fimbo ya kuvulia samaki iwe uti wa mgongo, juu nikafunika kwa skochi ya kahawia, ule utepe wa gundi, na kuipiga pasi. Umeme ulikuwa umekatika, nikatumia pasi ya makala, yaani makaa, na hiyo pasi haina kidhibiti: sekunde moja zaidi na frigoliti inanywea kama mandazi yaliyomwagiwa maji. Nilijifunza kuipitisha kwanza kwenye kitambaa kibichi, nasikiliza mlio. Ikilia kwa ukali, nangoja. Ikinong'ona, naanza kazi.

Tupu ina gramu 1,400, na eneo la bawa ni desimita mraba 40, kwa hiyo kila desimita inabeba gramu 35. Nikiongeza plombi gramu 600 inafika 50. Kikomo cha F3F ni 75, niko ndani kabisa. (Plombi ni ile madini ya risasi, lakini huku usije ukasimama mbele ya watu wenye sare ukasema begi lako lina risasi gramu 600. Sema plombi, au sema vizito vya nyavu.) Ndege nzito namna hii imejengwa kwa upepo mkali. Ikikosa upepo ni tofali. Na Bukavu tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya pwani, maana yake ndege ileile huku lazima ikimbie kasi zaidi, asilimia 7 hivi, ndipo ijibebe. Nyie wa Tanga na Mombasa mnaonakili ramani za mtandaoni hamwezi kulijua hili.

Ndege ya Prezida ni ya aina gani? Bawa tupu lisilo na mkia, mita moja na sentimita ishirini, gramu 500. Karatasi. Ukiipulizia inaruka. Sisemi ni kosa kuwa na ndege nyepesi, nami ninayo moja ya kufundishia watoto. Nasema mwenye ndege ya karatasi ndiye aliyechagua saa isiyo na upepo. Mjumlishe wenyewe.

Tumefika. Umande majani yote. Utepe tulioufunga kwenye fito umening'inia kama ulimi wa mbuzi. Nikauliza kipima upepo kiko wapi, eti betri zimeisha. Chini ya kilima kuna mama anayechoma mahindi, ameshawasha mbabula, lile jiko la makaa, na moshi wake, wakuu, ulikuwa unateremka. Unashuka taratibu kwenye nyasi kwenda ziwani. Hewa yote ilikuwa inateremka! Nikatoa simu nikarekodi sekunde 40 za moshi ule, nikamwonyesha Prezida. Akasema, "Ndugu yangu, tumekuja kurusha ndege au kuchoma mahindi?" Watu wakacheka. Nami nilicheka, mjinga mimi.

Kura ya kupanga nani aanze aliichomoa mwenyewe kwenye kofia yake. Mimi namba 2. Yeye namba 11, wa mwisho. Bahati ilioje.

Wa kwanza hakumaliza hata mstari mmoja. Mimi nikaondoa plombi yote, mpwa wangu akakimbia hatua tano akairusha vizuri kabisa, sina lawama kwake. Ndege ikatoka na kasi ya mkono, kasi ikaisha, nikasukuma pua chini kidogo ili isikwame, nikasubiri ile hali tunayoijua sote, pale mteremko unapoibeba ndege kwa chini kama mtu anayemwinua mtoto. Haikubebwa. Ilishuka sambamba na kilima, kimya, inafuata moshi, nikageuza kutafuta pa kutua, ncha ya bawa ikagusa mikaratusi. Nikasikia ule mlio wa fimbo ya kuvulia ikikatika. Miezi mitatu, sekunde 14.

Nikateremka kuifuata, na hapo ndipo Mungu alipotaka niyaone mengine. Ilianguka chini kidogo ya fito B, kwenye mstari wenyewe. Kuichomoa kwenye matawi kulichukua zaidi ya saa nzima, nikamlipa na mwenye shamba franka zake za maharage. Mpaka namaliza, ni saa tatu na dakika arobaini, jua limepanda, na kile kiupepo cha kwanza cha ziwa kikanigusa shingoni. Nani anarusha muda huo? Prezida.

Fito B alisimama shemeji yake. Mimi niko chini, nimesimama kwenye mstari, natazama juu moja kwa moja. Zamu zote tano za upande wa B, kipenga kililia pua ikiwa bado haijafika. Nyuma ya mstari kuna mkaratusi mmoja ulionyooka, ndiyo alama yangu, na kila mara ilibaki si chini ya mita 8. Msiniambie habari ya pembe ya kutazamia, mstari ulikuwa kichwani pangu. Mita 8 kwenda na mita 8 kurudi, mara tano, ni mita 80. Alitumia sekunde 88. Ukimlipisha na zile mita 80 kwa mwendo uleule, anafika sekunde 95 na ushee. Wa pili, kijana wa sekondari ambaye servo zake (vile vimota vya kugeuza usukani wa ndege) kaziazima, alipata 91, naye aliruka wa tisa, upepo bado haujaamka vizuri. Yule mtoto ndiye aliyeshinda. Alikuwa pale anakunja waya zake, akaniambia, "Muzee, haidhuru." Inadhuru!

Kuna atakayesema kila mtu aliruka kwenye hewa ileile. Hapana. Saa mbili hewa inashuka, saa nne kasoro inapanda. Kanuni inasema upepo ukipungua chini ya kiwango mashindano yanasimama mpaka urudi, hayaendelei kwa sababu mtu ana mahari.

Na hela? Watu 11, dola 10 za kushiriki kila mmoja, 110. Zawadi ni risiva moja na servo nne, ambazo sote tunajua bei yake sokoni, na haifiki hata nusu. Zilizobaki nimeuliza mara mbili. Jibu: "gharama za maandalizi". Fito zilikuwa zangu. Kipenga kilikuwa cha shule ya mke wangu.

Dola zangu nilizitoa safi, hazina hata mkunjo, maana mnajua huku noti yenye mpasuko wa upana wa ukucha hakuna anayeipokea, na Prezida ndiye wa kwanza kuinua noti juani kuikagua.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Ametuma mtoto mlangoni kwangu na bahasha, "ili tuyamalize kindugu". Ndani noti ya dola 5. Imepasuka katikati, imeunganishwa kwa skochi ya kahawia. Skochi ya kufunikia mabawa! Nimeirudisha kwa mtoto yuleyule, nikampa na hindi la kuchoma la njiani.

Kwa hiyo nataka dola 10 nzima, na mashindano yarudiwe. Jumapili saa tano nitakuwa kilimani na fito zangu. Bawa nimeshaligundisha, limeongezeka gramu 60, si neno. Kijana wa sekondari amesema atakuja, na wengine wanne. Prezida anakaribishwa na bawa lake la karatasi, na shemeji yake pia, akae atazame. Fito B nimemwomba yule mama wa mahindi asimamie. Amekubali kwa franka 5,000, ila amesema kwanza lazima aone moshi wake unapanda.